Aliyezirudishia Dansi Majina

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliokuja kumshika mkono bintiye, ahsanteni kwa utulivu, naomba uendelee kidogo kwa sababu sauti yangu leo haina nguvu. Mimi ni mdogo wake marehemu, wa kiume na wa pekee, fundi mstaafu wa majokofu na mitambo ya ubaridi, na watu wa ukoo mnanijua kwa jina la Kioo, jina alilonipa yeye, nitalieleza likifika mahali pake. Kazi ya kusoma historia hupewa mtu ambaye machozi yake yamekwisha, mimi nimepewa kwa sababu yangu hayajaanza, juzi mpwa wangu, huyo bintiye, aliniangalia usoni akasema, "Mjomba soma wewe, wewe uko sawa," nami sikubishana naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1949, mtoto wa kwanza kati ya wawili, baba yetu akiwa karani wa stoo ya vipuri na mama yetu mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la rangi, ambapo kila tulichokula na kuvaa kilinukia tapentaini. Mimi nilifuata miaka mitatu baadaye, na kwa maelezo ya mama, dada alipoletwa kuniona aliniangalia kwa makini, kisha akauliza kama ninaweza kurudishwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kumaliza sekondari Novemba 1967, akiwa na alama nzuri za historia na alama za hesabu ambazo bintiye, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, ameniomba nisizitaje. Lakini elimu iliyomfanya awe yeye aliianza Septemba 1957, kwenye ukumbi uliokuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, ambako mama alishona mavazi ya darasa la baleti na watoto wake wakaruhusiwa kuingia na kujifunza. Mwalimu wa pale alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mkali, asiyecheka hovyo, aliyetupigia mapigo sakafuni kwa fimbo, hivyo tukamwita Bi Fimbo, kwa siri bila shaka, maana masikio yake yalikuwa mazima.

Kila kipindi cha Bi Fimbo kiliishia na dansi ileile moja, fupi na ya upole, aliyosema alifundishwa na mwalimu wake mwenyewe alipokuwa binti. Haikuwa na jina. Mwisho wake mchezaji husimama, hugeuza kichwa, hunyoosha mkono mmoja nyuma na chini, kiganja wazi, na kwa kuwa mama zetu walikuwa wameshafika mlangoni wakiwa na haraka zao, mama yetu alikuwa na mtindo wa kuuvisha mkono huo koti kabla mwalimu hajasema basi, ndiyo maana sisi watoto dansi ile tuliiita Vaa Koti.

Sasa kuhusu jina langu. Nyumbani hatukuwa na kioo kikubwa, kilichokuwepo kilikuwa cha baba cha kunyolea ndevu, na dada alitaka kujiona anapofanya mazoezi, basi alinisimamisha mbele yake kwenye ujia wa kwenda jikoni, akiinua mkono wa kulia mimi ninainua wa kushoto, akienda huku nami ninakwenda hukohuko, nikikosea ananizaba kofi dogo, akaniita Kioo na ukoo mzima ukafuata. Nilikuwa kioo kizuri, najisifu. Ubaya wake ni kwamba nilijifunza kila kitu kinyume, darasani wenzangu wakienda kulia mimi nilikwenda kushoto, siku moja nikagongana na binti wa mwenye duka la rangi mpaka akatoka damu puani, na Bi Fimbo akaniondoa kwenye mstari moja kwa moja, akanipa kazi ya kusimama mlangoni na kushika makoti. Vaa Koti ndiyo dansi pekee niliyowahi kuijua maishani, na ninaijua upande usio wake.

Mwaka 1968 marehemu alijiunga na kundi la baleti la jumba kubwa la maonyesho, akacheza humo hadi jioni ya tarehe 14 Mei 1976, alipokatika kano ya kisigino jukwaani. Alituambia alihisi kama mtu amempiga teke kwa nyuma, akageuka kumtazama mwenye adabu mbovu kiasi hicho, hakukuwa na mtu. Baada ya hapo alifundisha watoto kwa miaka kadhaa, kwa subira ambayo sisi wa nyumbani hatukuwahi kuionja, na tarehe 1 Agosti 1983 akaajiriwa na hifadhi ya filamu, ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2009, na baada ya kustaafu akaendelea kwenda kila wiki bila kuitwa na mtu.

Wengi wenu mmeniuliza tangu jana kazi yenyewe ilikuwa ipi hasa, maana mlijua anakwenda kazini ila hamkujua anafanya nini, nami nitaeleza nilivyoelewa mimi. Zamani sana, filamu zilipoanza, kabla hazijawa na sauti, watu waliwapiga picha wachezaji wa baleti, vipande vifupi, na vipande hivyo vikazungukazunguka duniani, vikapoteza majina, vikaja kulala kwenye makopo ya bati yaliyoandikwa "Mwanamke Anacheza" au "Wawili na Maua" au hayakuandikwa chochote. Kazi ya dada ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye giza, kuangalia miguu isiyo na muziki, na kusema hii ni dansi gani, ya onyesho gani, sehemu gani ya onyesho. Alikuwa akiangalia huku mikono yake miwili mapajani inacheza, vidole vikiwa miguu, namna wachezaji wanavyokumbushana dansi bila kusimama, mpaka mahali fulani mikono inapata njia inayoifahamu, ndipo anasema jina, kisha anatafuta ushahidi.

Na jina halikuwa mapambo. Filamu hizo zinaoza, zinanata, mwishowe zinakuwa unga, hivyo zinatakiwa kunakiliwa kwenye ukanda mpya kabla hazijafa, na utaratibu wa idara ulikuwa kwamba isiyo na jina hainakiliwi, inasubiri. Dada alizipa nyingi majina. Hakuwahi kubahatisha hata moja, alipoona hajui aliandika hajui, na mkuu wa idara aliyepo hapa atanisamehe nikisema kwamba tabia hiyo ilimuumiza kichwa zaidi ya mara moja. Hata nyumbani alikuwa hivyo, ukimuuliza kama mvua itanyesha anakwambia hajui, ukimwambia kadiria basi, anakwambia kadiria mwenyewe.

Mimi niliingia kwenye jengo lile mwaka 1991, mtambo wa vyumba vya baridi ulipokufa, dada akasema anamjua fundi. Kuna waliong'aka kwamba analeta ndugu zake. Nilitengeneza, ukafanya kazi, wakanyamaza, na tangu hapo mpaka nilipostaafu nilikuwa nikiingia na kutoka mle, na mchana tulikula pamoja kwenye ngazi za nyuma, kwa sababu ndani chakula kilikatazwa.

Hapo kwenye ngazi ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza, mwaka 1994, habari za filamu ambayo wao wenyewe waliiita Mwanamke wa Ukutani, kipande cha msichana mwenye gauni jeupe lisilo na kifungo, anacheza mbele ya ukuta mtupu, haraka haraka, kisha kipande kinakatika kabla hajamaliza. Dada aliitafuta dansi ile kwenye kila onyesho kubwa analolijua na yale asiyoyajua, aliandikia watu wa mbali, waliandika kwamba hawaijui. Mkuu wa idara wa wakati huo, kwa nia njema kabisa, alimshauri aandike jina lolote linalokaribiana ili filamu ipate kunakiliwa, dada akakataa, akasema ikiwekewa jina la uongo hakuna atakayeitafuta tena. Miaka ikaenda, kipande kile kikaendelea kulala kwenye chumba changu cha baridi, na mimi mwenyewe sikuwahi kukiona, kazi yangu ilikuwa nyuzijoto.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na mpiga piano wa ukumbi wa mazoezi, mtu mpole, mwenye mzaha wa chini chini, aliyekuwa akichelewesha muziki kidogo kwa makusudi ili amwone anakasirika. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1978, ambaye alijaribu baleti kwa wiki moja, akasema inauma, na mama yake akamjibu kwamba amesema kweli, akamwacha. Shemeji yangu alifariki Oktoba 2006. Piano yake bado iko sebuleni, dada alikuwa akiipangusa vumbi bila kuifungua.

Ugonjwa ulianza tarehe 6 Machi 2023, asubuhi, jikoni kwake, alipopata kiharusi akiwa ameshika kikombe. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja. Alibaki na neno "bado". Ukimuuliza umekula, bado, ukimuuliza unaumwa, bado, ukimuuliza mimi ni nani, ananiangalia kwa hasira kwa sababu ananijua kabisa, anasema bado. Mtu aliyefanya kazi ya kutoa majina maisha yake yote hakuweza kulitaja hata la mwanawe. Nasema jambo hili kama lilivyo, sina namna nyingine ya kulisema.

Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Mwezi Agosti alikuja kumtembelea mwenzake wa siku nyingi, fundi wa kunakili filamu, ambaye wote tunamwita Mama Mkasi, na katika kumpasha habari za ofisini, maana alizoea kumpasha kila kitu, akamwambia kwamba vyumba vya baridi vya zamani vitafungwa ifikapo tarehe 31 Desemba, na filamu zilizoanza kuoza ambazo hazina jina hazitahamishwa. Dada akamshika mkono. Hakuuachia mpaka nesi alipokuja, na kuanzia siku hiyo hakutaka kula, na kila Mama Mkasi alipotokea mlangoni alimtazama kwa namna ya kuuliza, naye kila mara alitikisa kichwa kwamba hakuna jipya kuhusu Mwanamke wa Ukutani.

Tarehe 17 Septemba, Jumapili, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituagiza tumfanyishe mambo ya zamani, mambo ambayo mwili unayajua bila kuambiwa, ili mkono mzima uuamshe ule mwingine. Mpwa wangu akapendekeza afue vitambaa. Mimi sikuwa na la kupendekeza, nikasimama mbele ya kitanda chake, na kwa kuwa tangu utotoni nikisimama mbele yake kazi yangu ni moja tu, nikaanza Vaa Koti. Nina miaka sabini na moja na magoti yanayolia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alitoa redio masikioni. Dada alinitazama, midomo ikacheza, na mkono wake wa kushoto ukaanza kunifuata juu ya shuka.

Mama Mkasi alikuwa kwenye kiti anamenya chungwa. Aliacha kumenya. Akaniambia, "Hebu rudia hapo mwanzo," nikarudia, akasema tena, "Haraka kidogo," nikaenda haraka kwa kadiri ninavyoweza, akauliza nimeiona wapi filamu ile, nikamwambia filamu gani, hii ni Vaa Koti, sijaona filamu yoyote. Hapo dada akaanza kuinua kiganja chake cha kushoto na kukigeuza, juu, chini, juu, chini, na uso umemwiva. Nesi alikuwa anapita, akasema mama amechoka kulala upande mmoja, akamgeuza kwa upole akamwelekeza ukutani. Tukasikia "bado" kutoka kule ukutani. Mkono ukainuka tena, ukageuka, juu, chini, nesi akasema basi upande huu umemshinda, akamrudisha. Alipoanza mara ya tatu Mama Mkasi akasimama, chungwa likaanguka, akasema, "Filamu! Anasema tuigeuze filamu!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Zamani kabisa, kabla haijatufikia sisi, mtu fulani aliyekuwa akiinakili aliulaza ukanda upande usio wake, kulia kukawa kushoto, lakini namba ndogo za pembeni mwa ukanda mpya zilisomeka sawasawa, kwa hiyo kila aliyeupokea aliamini uko sawa, dada naye akaamini, na kwa kuwa gauni halina kifungo na ukuta hauna maandishi hapakuwa na cha kumshtua. Tena ulikwenda mbio kuliko inavyotakiwa, dansi ya upole ikaonekana ya kurukaruka. Alimtafuta msichana yule katika maonyesho makubwa ya dunia, wala hakufikiri kumtafuta kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa wa pili. Msichana wa kwenye filamu alikuwa anacheza kama ninavyocheza mimi, kinyume, na dada aliponiona nimesimama pale ndipo akajua. Mimi sikujua kitu, nilikuwa nafuata tu nilichofundishwa kwenye ujia wa jikoni.

Siku mbili baadaye Mama Mkasi alileta kompyuta yake hospitalini, ameirekodi filamu kwa simu kwenye mashine ya kutazamia, ameigeuza picha na kuipunguza mwendo. Tukaangalia sote watatu. Ilikuwa Vaa Koti. Msichana alikuwa mrefu, mwembamba, hacheki hovyo, na mimi kwa upande wangu ninasema ni Bi Fimbo mwenyewe kabla hajapata fimbo, lakini idara haijasema hivyo, uso hauonekani vizuri, na marehemu angenikataza kukadiria, hivyo naliacha. Kipande kilipokatika, kabla ya mwisho, kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na dada akasema, "Bado." Kisha akageuza kichwa, akaunyoosha mkono nyuma na chini, kiganja wazi. Mkono unaotakiwa hapo ni wa kulia, wa kulia ulikuwa umekufa, akatumia wa kushoto, akaimalizia dansi upande wangu. Koti lake lilikuwa limetundikwa mlangoni. Nililichukua nikamvisha mkono mmoja, akakaa nalo hivyo mpaka chakula cha jioni, na akala.

Idara ilihitaji shahidi, kwa kuwa aliyetoa jina hakuweza kusema, hivyo tarehe 2 Oktoba nilikwenda kwenye chumba chao cha maonyesho, filamu ikapitishwa, nami nikasimama pembeni mwa kitambaa cha kuonyeshea nikiwa na viatu vyangu vya kazi, nikacheza nayo, ilipokatika nikaendelea mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka, na ninawashukuru, maana mimi mwenyewe ningecheka. Mwanamke wa Ukutani alinakiliwa tarehe 23 Novemba 2023, na kopo lake jipya limeandikwa "Vaa Koti, dansi ya kufungia somo, kwa mujibu wa," na hapo linafuata jina la marehemu, kisha langu. Mama Mkasi alileta picha ya kopo, nikaiweka mezani pake, akaitazama kila siku.

Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 4 Desemba 2023, alfajiri, usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, na mimi.

Nilikwenda kumwona kwenye chumba cha baridi cha hospitali. Nilitarajia nitalia. Nilisimama pale nikawa nasikiliza mtambo, kuna beringi ya feni inayogonga, nikamwambia mhudumu kwamba haitamaliza mwezi, akaandika. Tangu siku hiyo niko hivyo, nasikia mashine, nasikia viatu vya watu, mtu akiniambia pole nasikia pole, haiendi popote. Sijui inaitwaje hali hii. Dada angeandika hajui.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari wa wodi ya pili, na manesi wote, akiwemo yule aliyemgeuza dada yangu ukutani, alifanya kwa wema na ameketi pale nyuma, karibu sana. Tunamshukuru mtaalamu wa mazoezi, majirani waliomteremsha ngazi kwa kiti cha plastiki siku lifti ilipokataa, mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyetuma salamu, mkuu wa idara na wafanyakazi wa hifadhi, na Mama Mkasi, ambaye sina la kumwambia zaidi ya kwamba chungwa lile tulilipata chini ya kitanda. Mtakaoona hamkutajwa, mmetajwa moyoni, karatasi imekwisha.

Asubuhi hii mpwa wangu ameniuliza, "Mjomba, mbona umebeba koti la mama na jua lote hili?" Nilikuwa sijui. Nimejua nilipokuwa ninasoma, na sasa nadhani yameanza, mnisamehe, namalizia. Ilikuwa kazi yangu, nilipewa nikiwa mdogo, kusimama mlangoni mpaka yeye amalize.

Pumzika kwa amani, dada. Nyoosha mkono, koti ninalo mimi.